Ifikapo Ijumaa

Jumanne jioni, chumba cha nyuma cha kanisa la Wamethodisti,
Boston ya Lincolnshire, si ile ya Marekani,
nagawa kadi. Njano ni huenda, ni lazima, ni ingefaa.
Buluu ni kitenzi pamoja na mkia wake.
Kijani ni saa, ni siku, ni tangu na hadi.
Nimestaafu ofisi ya kodi. Napenda mambo yenye safu.

Mkia ndio unaowatesa.
Toa, nawaambia, ni kutoa tu, hata mtoto anaelewa;
kibandike juu, toa-juu, umekata tamaa.
Geuka-juu: umetokea bila kutarajiwa.
Vunjika-chini: gari la Rezgar, kila Januari.
"Nani aliamua?" Rezgar anauliza, kucha zina weusi wa matairi,
"nani alikaa kitako akasema juu ni kushindwa?"
Sijui, Rezgar. Nilizaliwa nikayakuta.

Daiva Petkutė amechelewa. Anaingia akicheka,
harufu ya kabichi za kiwandani imemtangulia,
mkononi barua iliyokunjwa mara nne,
na tayari, anasema, amekata tiketi ya Kaunas.
Meneja kampa mapumziko!
Anazibandika kadi ubaoni mwenyewe:
njano, huenda;
buluu, kulazwa, na mkia wake ofu;
kijani, Ijumaa.
Ofu anaijua, ni siku ya kutokwenda kazini.
Kulaza anakujua, ndivyo afanyavyo kwa mwanawe akishamwogesha.
Huenda nikalazwa, niwe ofu, hadi Ijumaa.
Darasa likampigia makofi. Zdravka akamkumbatia.

Nami nimesimama na kalamu nyekundu isiyo na kifuniko.
Mkia kwanza. Kulazwa-ofu si kulala.
Ni kuambiwa vua aproni, rudisha kadi ya getini.
Halafu kile kineno kidogo kinachoitangulia siku,
ambacho kwao Kilithuania ni kimoja, iki,
kinabeba mizigo yote miwili wala hakilalamiki.
Kwetu ni viwili.
Hadi ni ukuta: unapumzika upande huu, ukiufikia unarudi kazini.
Ifikapo ni mlango. Unaweza kufungwa Jumatano, unaweza Alhamisi,
ila Ijumaa jioni utakuwa umeshafungwa,
na wewe uko nje.

Sikusema hivyo. Nilisema, "Daiva, keti."

Akaketi. Akaisoma midomo yangu, kisha barua, kisha ubao.
Akanyoosha kidole kwenye njano.
"Na hii? Hii bado ni huenda?"

Miaka kumi na miwili nawafundisha kwa ngazi niliyoichora:
huenda kwenye kipago cha chini, lazima kileleni.
Sikuwahi kuwaambia kwamba watu hushusha neno vipago vitatu
kwa ajili ya adabu,
kama tunavyomwambia mgeni ingefaa uwahi basi
hali koti lake tumeshalishika.
"Ni huenda," nikasema. Sarufi ilikuwa upande wangu.

Rezgar akazima hita, akaiwasha tena.
Zdravka akauliza kama tiketi hurudishwa.
Hairudishwi. Tuliisoma wote pamoja, herufi ndogo za chini,
na ndani yake, Mungu anisamehe, mlikuwa na mifano mizuri mno:
lazima, sukuma-nyuma, siku kumi na nne kabla.
Hakuna aliyeandika.

Ijumaa, saa kumi na moja na robo, namenya viazi.
Simu ikatetemeka kando ya sinki.
Maneno machache ya Daiva:
Mimi bado kulazwa-ofu si.
Bado iko mahali pasipo pake,
kikanushi kimeburutwa hadi mwisho,
kitenzi kisaidizi hakionekani kabisa.
Niliusoma tena, ganda la kiazi likining'inia kisuni.
Sikusahihisha kitu.